Fremu ya Hisani

Pikipiki mpya huku kwetu haitoki dukani uchi. Hilo kila mtu Nakuru analijua, hata mtoto wa nasari. Ukishalipa, kabla hujatia mafuta, kabla pasta hajaiombea, unaisukuma mpaka kwa fundi wa kuchomelea. Anaifungia gadi za chuma mbele ili ukianguka usivunjike mguu, anaongeza keria nyuma ya kubebea magunia, anapitisha vyuma viwili chini ya kiti. Fremu inayotoka kiwandani ilitengenezewa mtu mmoja mwembamba anayepita kwenye lami, na sisi si watu hao. Pikipiki ambayo haijachomelewa inachekwa stejini, pale waendesha bodaboda wanapongojea abiria. Wanakuuliza kama umeiazima.

Fundi wangu hakuwa mbali. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa duka lenyewe la pikipiki, na waya wake wa umeme ulitoka kwenye dirisha la hilo duka, ukapita juu ya mlango, ukashuka mpaka kwenye mashine yake. Kijana wa mauzo aliyenihudumia ndiye aliyemwita. Vile vijana wa mjini wanavyomwita mama yeyote, aliniambia, "Mathe, usihangaike kwenda mbali, huyu ni mtu wetu." Shika hayo maneno. Mimi niliyashika.

Niliagiza gadi na keria kama watu wote, halafu nikaagiza kitu cha ziada: kiti cha mtoto. Msichana wangu alizaliwa amechoka, ubongo ukakosa hewa, na mpaka leo miguu yake inajikunja kama mtu anayejikinga na baridi. Kichwa kiko sawa, mdomo ndio usiseme, anaongea kuliko mimi. Ila miguu haisikii. Kwenye matatu makondakta walikuwa wananiambia nilipie viti viwili ama nishuke, kwa hivyo nikaamua kununua pikipiki yangu mwenyewe, nibebe watu asubuhi na jioni, na katikati nimpeleke mtoto hospitalini. Mama yangu kule Kuresoi aliuza ng'ombe wake wa maziwa kunisaidia. Baba ya mtoto simtaji kwa sababu hakuna cha kutaja.

Fundi alinitengenezea kiti kizuri. Kilikuwa na mgongo wa chuma, mikono miwili, mkanda wa mpira uliotoka kwenye tairi la ndani, na mahali pa kuwekea miguu iliyokunjwa. Akakichomelea kwenye keria mpaka ukikivuta unavuta pikipiki nzima. Binti yangu alikaa hapo siku ya kwanza, akatazama watu kutoka juu, akasema sasa yeye ndiye chifu.

Daktari wa mazoezi, mama mmoja mwenye mikono ya kukanda unga, alikuwa amenieleza mambo waziwazi. Magoti ya huyu mtoto yananyooka bado, ukiyabembeleza. Yakiachwa, mishipa ya nyuma ya goti inakaza, inakuwa mifupi, na ikiwa mifupi goti halinyooki tena kwa kubembelezwa. Inabidi plasta. Plasta ikishindwa, ni kisu. Akasema nimlete mara mbili kila wiki na nisiruke. "Hii si kama homa, mama," akaniambia. "Huwezi kuja ukiona imezidi. Ukiona imezidi tumeshachelewa."

Kwa hivyo sikuruka. Watu wa mtaa wetu wa Section 58 walituzoea, mimi na koti langu la rifleka, yeye nyuma na helmeti ya mtoto iliyo kubwa kuliko kichwa, akiwapungia mkono watu asiowajua. Alianza kusimama akishikilia kitanda. Halafu akasimama akishikilia kitanda kwa mkono mmoja, ili mkono wa pili uwe huru kunielekeza kazi.

Ule ufa niliuona nikiosha pikipiki. Kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia, rangi ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nilidhani ni unywele kweli. Nikaufuta na kitambaa, haukutoka. Nikaupitishia ukucha, ukucha ukanasa. Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu jana yake nilikuwa nimeshuka mteremko na huyo mtoto nyuma yangu akiimba.

Pikipiki ilikuwa bado ndani ya waranti, tena mbali na kuisha. Nikaisukuma hadi dukani, sikuthubutu kuipanda. Kijana wa mauzo alipoona nasukuma alicheka, akauliza nimeikosea nini. Nilipomwonyesha shingo akaacha kucheka na kuniambia hayo si ya idara yake. Akanipeleka nyuma kwa meneja wa gereji.

Huyo meneja ni mtu msafi. Sijawahi kuona mtu wa gereji aliye msafi vile. Hakuinama kuangalia ufa, aliinamisha simu. Akapiga picha ya shingo, halafu akazunguka nyuma akapiga picha nyingi za kiti cha mtoto, kutoka kila upande, kama mtu anayepiga picha za harusi. Akaniambia picha zinaenda Nairobi, Nairobi itaamua, na pikipiki ibaki hapo. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema waranti ina utaratibu wake.

Utaratibu ulirudi na jibu kwamba fremu imechomelewa, na fremu iliyochomelewa haina waranti. Nilimwambia ufa uko mbele na kuchomelea kuko nyuma, gadi za mbele zimefungwa kwa nati tu. Akanieleza, polepole, vile mtu anavyomweleza mtoto, kwamba chuma kikipata joto huku, joto linasafiri mpaka kule, linadhoofisha fremu yote.

"Joto la mwaka jana ndilo limefika leo?" nikamuuliza. "Lilikuwa linatembea kwa miguu?"

"Mama, hiyo ni sayansi."

"Fizikia nimesoma sekondari mpaka fomu foo. Na huyo aliyechomelea yuko hapo nje ya ukuta wako, anatumia umeme wako. Kijana wako ndiye aliniitia."

Akatazama dirisha ambalo waya ulipitia, kama analiona kwa mara ya kwanza. Akasema yule fundi si mwajiriwa wa kampuni, na kijana wa mauzo hana mamlaka ya kushauri mambo ya kiufundi. Kijana wa mauzo alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Alipata kazi ya ghafla ya kupangusa pikipiki iliyokuwa imepanguswa tayari.

Nilipokataa kuondoka, meneja alinipa njia. Alisema kuna uwezekano wa kukata rufaa, lakini Nairobi haiwezi kukagua pikipiki iliyoongezwa vitu. Niirudishe ilivyotoka kiwandani, yaani gadi itoke, keria itoke, kiti kitoke, wapige picha upya. Nikatoka nje nikamwambia fundi. Fundi alikitazama kile kiti, akaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika gani? Nilikuwa na mtoto ambaye alikuwa ameshakosa kliniki, na mtu aliyekuwa ananiambia kata hii upate ile. Nikamwambia akate. Akakata na gurudumu la grainda, cheche zikaruka mpaka barabarani, na kiti nikakibeba nyumbani kichwani kama kuni.

Picha zikapigwa tena, zikaenda. Jibu la pili lilikuja haraka kuliko la kwanza. Walisema fremu ina alama za grainda, na alama za grainda ni ushahidi kwamba fremu imechezewa.

Sitaki kueleza nilichomwambia meneja siku hiyo. Nilikuwa na maneno ambayo nilifikiri nimeyaacha shuleni. Mlinzi aliitwa anitoe, mzee mmoja mpole, akanishika kiwiko kana kwamba ananisindikiza kwenye sherehe, akawa ananiambia chinichini, "Wewe lia ukifika nje, mama, usiwape hiyo raha." Sikulia. Ningelia ningekuwa nimewapa hata nje.

Sasa hapo katikati, mtoto anafikaje hospitalini? Watu wananiuliza hilo swali kama vile sikulifikiria. Nilimbeba mgongoni. Ni mzito, na akishikwa na mkazo mwili wote unanyooka ghafla kama ubao, halafu miguu peke yake inakataa kunyooka, sijui Mungu alikuwa anafikiria nini. Vijana wa stejini walijitolea kunibeba bure wakiwa hawana abiria, na siwasahau. Lakini bila kiti nililazimika kumshika katikati yangu na dereva, na siku moja mwili ukakaza tukiwa kwenye mzunguko wa barabara, nusura tuanguke sote watatu. Yule kijana alisimamisha pikipiki, akavua helmeti. Akaniambia, "Mathe, nakupenda, lakini hii siwezi tena." Sikumlaumu. Nikapata tuktuk siku nilizoweza, na siku nisizoweza hatukuenda. Siku tusizoenda zikawa nyingi kuliko tulizoenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi kufulia watu nguo, na mwenye nguo hakubali usimame katikati ya ndoo umpeleke mtoto kliniki.

Nyumbani nilimfanyia yale mazoezi nilivyoona yanafanywa. Nilimlaza mkekani, nikakalia kisigino changu, nikasukuma goti. Alinipigia kelele. Daktari akisukuma anaimba naye, mimi nikisukuma tunagombana. Aliniuliza kwa nini namchukia. Mtoto wa miaka minne ananiuliza hivyo, na mimi nimeshika goti lake, na goti limekaa pale pale.

Mama yangu alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kwake jambo lilikuwa rahisi. Nimlete mtoto Kuresoi, akae na nyanya yake, ale viazi na maziwa ya jirani, hewa ni safi, na miguu ni kazi ya Mungu. "Wewe unashindana na Mungu kwa pikipiki," akaniambia. Nilimjibu kwamba Mungu simdai, namdai mwenye duka. Kama mtu anayetafuta habari nyingine ya kusema, akaniambia hizo pikipiki zenyewe ni mbaya, maana kijana wa jirani yao alinunua ya aina hiyo hiyo, hata wiki mbili hazijaisha, akiwa ametoka kupeleka viazi sokoni ikavunjika shingo mteremkoni. Kijana yuko nyumbani na mfupa wa bega umefungwa.

Nikamwambia arudie.

Imevunjika wapi? Shingoni. Shingoni wapi? Nikamwambia basi aende amuulize kijana mwenyewe. Mama yangu alinung'unika kwamba mimi sijamuuliza hata hali ya kijana, lakini akaenda na simu yake. Huyo kijana akanipigia mwenyewe, kisha akanitumia picha. Fremu ilikuwa imefunguka pale pale kwangu palipokuwa na unywele. Na pikipiki yake ilikuwa uchi. Hakuwa amepata nafasi ya kuipeleka kwa fundi. Haikuwa na hata doti moja ya kuchomelea, keria ilikuwa ile ya kiwanda, na magunia aliyafunga na kamba ya mpira. Akaniambia anajua wengine wawili upande wa Molo, na kwamba alikuwa anaona aibu kulalamika kwa sababu kila mtu alimwambia amejitakia, nani anabeba viazi na pikipiki uchi.

Ebu fikiria. Mimi nimenyimwa kwa sababu nilichomelea, yeye amechekwa kwa sababu hakuchomelea, na shingo zote mbili zimefunguka mahali pamoja.

Nilimpelekea meneja hizo picha. Siku hiyo sikupiga kelele. Nilingoja Jumamosi wakati duka limejaa wanunuzi, nikaweka simu mbele yake kwenye meza, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei, joto la hii lilisafiri kutoka wapi. Watu wawili waliokuwa wanaangalia pikipiki nyekundu waligeuka. Mmoja wao akainama taratibu, akaanza kutazama shingo ya ile nyekundu. Meneja aliniomba twende ofisini.

Huko ofisini alikuwa mtu mwingine. Alinipa soda. Alipiga simu Nairobi nikiwa nimekaa, akaongea Kiingereza cha chini, kisha akaniambia kampuni imenifikiria kama mteja mwaminifu na mama mwenye mtoto mgonjwa. Watanipa fremu mpya. Lakini nielewe kwamba hii si waranti. Waranti yangu ilikufa. Hii ni hisani ya kampuni.

Mimi mjinga nikashukuru. Hisani nilidhani ni neno zuri. Sikuelewa kwamba waranti ni haki na haki unaweza kuidai ikija pungufu, lakini hisani ikija pungufu unaambiwa ushukuru hivyo hivyo.

Mvua zilikuwa zimeisha na vumbi limeanza wakati fremu ilipofika. Pikipiki yangu muda huo wote ilikuwa imekaa nyuma ya duka bila kifuniko, mnyororo umeshika kutu, kuku wa mtu wanalala chini yake. Wakaifungua yote. Wateja hawaruhusiwi gerejini, kwa hivyo nilisimama nje ya wavu nikitazama injini yangu imelala sakafuni kwenye gazeti. Waliinua injini kuiweka kwenye fremu mpya. Wakaiteremsha. Wakainua tena. Mmoja akaleta nyundo ya mpira. Nikaona wanatazamana.

Fremu ilikuwa ya pikipiki nyingine. Ni ya kampuni hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo, lakini ni ile ya injini ndogo. Matundu ya kushikia injini yalikuwa pembeni kwa upana wa kidole. Tanki lilikaa limeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi. Nyuma, yale mabomba ya kubebea kiti yalikuwa membamba kuliko ya zamani.

Nilifurahi, unajua? Nikafikiri sasa hata kipofu anaona. Nikamwita meneja pale wavuni nikamwambia hiyo si yangu, irudishwe, waagize inayofaa. Akaniambia hiyo ndiyo iliyoidhinishwa. Nikamwambia haitoshei. Akasema vijana wataishughulikia, ni marekebisho madogo.

"Kama ingekuwa waranti tungefungua dai jipya," akasema. "Lakini hii ni hisani, mama. Hisani haina dai."

"Basi nirudishieni yangu."

"Ile ina ufa. Kwa usalama wako siwezi kukuruhusu uitoe hapa."

Papo hapo wakamwita fundi. Fundi wangu yule wa ukutani. Alipita mbele yangu na mashine yake, waya ukivutwa nyuma yake kutoka kwenye dirisha lile lile, akaingia ndani ya ule wavu ambao mimi nimekatazwa kuingia. Wakamwonyesha. Akapima kwa macho, akakata vipande vya chuma, akaviweka pale matundu yalipokosea, akavaa kioo chake cheusi, na akachomelea. Fremu mpya ya kampuni ikachomelewa na kampuni, kwenye umeme wa kampuni, mbele yangu. Nilisimama nikatazama ule mwanga mpaka macho yakauma, na yule meneja msafi amesimama kando ameupa mgongo ili usimwumize.

Namba ya chesisi ya ile fremu ya zamani wakaigonga kwenye mpya kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, moja ikapinda.

Fundi alipotoka aliniambia, "Mama, usinikasirikie. Mimi nikiitwa naenda."

Nikamuuliza itashika?

"Kuchomelea kwangu kutashika," akasema. Hakusema fremu itashika, na mimi sikumuuliza mara ya pili.

Meneja alinikabidhi ufunguo akaniambia jambo la mwisho, kwamba nisichomelee kitu chochote, kwa sababu nikichomelea hata hiyo hisani imekwisha. Alisema bila kucheka. Nilimwangalia nione kama anatania, nikaona hapana, huyu mtu anamaanisha. Kuna watu wanaweza kusimama mbele ya moto na kukuambia usiwashe kiberiti.

Kiti cha mtoto nilikifunga kwa klampu na nati, kikawa kinacheza kidogo kwa sababu ya yale mabomba membamba. Nikakizungushia mpira. Siku ya kwanza niliendesha peke yangu mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Usukani ulikuwa unavuta kushoto. Siku ya pili nikabeba gunia la makaa. Siku ya tatu nikakaa kitandani nikimtazama mtoto anavyolala, magoti yamekunjwa mpaka karibu na kidevu, na nikajaribu kufikiria ni lipi baya zaidi. Fremu inaweza kufunguka au isifunguke. Magoti hayo hayana labda.

Nikamweka kwenye kiti. Nikaenda polepole, pembeni kabisa mwa barabara, baiskeli zikinipita. Vijana wa stejini walinipigia miluzi, mmoja akaniuliza kama nimebeba mayai. Nyuma yangu yule chifu alikuwa ananiamuru niongeze mwendo.

Daktari wa mazoezi hakunifokea. Afadhali angefoka. Alimlaza mtoto, akaimba ule wimbo wao, akashika goti na kulisukuma, likafika mahali likasimama. Akaacha kuimba. Akajaribu la pili. Akachukua kile kipimo chake cha plastiki kinachofanana na kitu cha jometri, akapima, akaandika, na akaniuliza tulikuwa wapi.

Nilimweleza. Nilieleza haraka, yote, shingo na ukucha na Nairobi na grainda na hisani. Mbele yake nilijisikia nikiongea kama mtu ambaye amechelewa shule na anatoa sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umekaa juu ya goti la mtoto.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Lakini goti halijui hayo yote."

Plasta. Miguu yote miwili, kutoka pajani mpaka kwenye kifundo, imenyooshwa kadiri inavyokubali, ikae wiki, ifunguliwe, inyooshwe zaidi, ifungwe tena. Wiki kadhaa hivyo, halafu ndipo waone kama kisu kinahitajika. Binti yangu alilia walipoanza kumzungushia zile bandeji za maji ya uvuguvugu, halafu akanyamaza kwa sababu zilikuwa na joto zuri. Akataka kujua kama anaweza kuchorwa ua. Daktari akamchorea ua kwa kalamu ya bluu, na la pili kwenye mguu wa pili, akisema huo nao utaona wivu.

Nilipomleta nje kwenye pikipiki ndipo nikaona tatizo ambalo nilipaswa kuliona mapema. Kile kiti kilitengenezewa miguu iliyokunjwa. Sasa miguu imenyooka, mizito kama mihimili, na haikunjiki. Nilijaribu kumgeuza pembeni, miguu ikatokeza barabarani. Nilijaribu kumkalisha anatazama nyuma, akaanza kuteleza. Njia pekee ilikuwa akae kwenye kiti chake akitazama mbele, na miguu yote miwili ilale juu ya siti ya dereva mpaka kwenye tanki. Miguu yake ilichukua nafasi yangu yote. Hapakuwa na mahali pa mimi kukaa.

Nikasukuma. Kutoka hospitalini mpaka Section 58 ukiwa juu ya pikipiki huoni kitu, lakini ukisukuma unajua kila tuta. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nimemshikilia kifuani, na ule usukani wa hisani unavuta kushoto kunipeleka mtaroni. Watu wakaanza. Mathe, mafuta yameisha? Mathe, si uwashe tu? Mmoja akasema huyu ndiye dereva anayetii sheria Nakuru nzima. Kijana mmoja mwenye heshima zake alijitolea kunisaidia kusukuma, akasukuma mpaka aliposikia ninakoenda, akakumbuka anangojwa mahali.

Barabara inapita mbele ya lile duka. Hakuna nyingine, au iko lakini ina mteremko mbaya. Nje walikuwa wamepanga pikipiki mpya kwa mstari, na kijana wa mauzo alikuwa na mteja, mwanamume na mke wake, wanaipapasa moja. Aliponiona nasukuma alikuja mbio mpaka ukingo wa barabara, uso umejaa huruma ya kazi.

"Mathe, imesumbua tena? Si uilete tu ndani tuiangalie."

Halafu akaona plasta. Macho yake yakatoka kwenye mguu mmoja mpaka mwingine, kwenye yale maua ya bluu, na nikajua amefikiria nini. Alifikiria tumeanguka. Uso ulimgeuka majivu. Alitazama nyuma kule kwa mteja wake, akatazama dirisha la ofisi ya meneja, na nikaona anapiga hesabu ya nani atalaumiwa.

Ningemwambia ukweli. Ningemwambia hatukuanguka, pikipiki haikufanya hivi kwa kuanguka, ilifanya kwa kukaa nyuma ya duka lenu na kuku chini yake. Lakini hayo ni maelezo marefu, na mimi nilikuwa nimemaliza maelezo yote kwa daktari. Nikamwacha afikirie anachofikiria. Yule mteja na mke wake walikuwa wameshasogea karibu, mke ameweka mkono mdomoni anatazama miguu ya mtoto.

"Mama," msichana wangu akaniambia, kwa sababu hakuna anayesogea na yeye hapendi kusimama, "piga honi."

Honi ilikuwa inafanya kazi. Niliibonyeza, na kidole nikakiacha hapo. Meneja alitokea mlangoni na shati lake safi, akainua mkono kama anayesimamisha gari. Nikaendelea kubonyeza na kusukuma, nikaanza mwinuko wa kuelekea kwetu, mtoto akicheka kwa nguvu huko nyuma, na miguu yake migumu imelala mbele yangu kwenye kiti changu.